Kisima cha Sukari: Uchambuzi wa Mswada Ulioandikwa Mara Tatu

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha mswada mmoja wa riwaya ya Kiswahili na watu wawili: aliyeuandika na aliyeuhariri. Wote wawili wameniruhusu kusoma matoleo matatu ya mswada huo, barua walizoandikiana na baadhi ya jumbe zao za simu. Nimebadilisha majina ya wahusika, nimeuficha mji, na vipande vya mswada nilivyonukuu nimevifupisha na kuvigeuza kidogo ili visitambulike. Watu wenyewe nitawaita Mwandishi na Mhariri.

Visa vya miswada mibovu ni vingi. Hiki nimekichagua kwa sababu ushauri uleule unaotolewa katika kila warsha ya uandishi ulitolewa hapa, tena na mtu anayeijua kazi yake, na mswada ukaharibika zaidi ya ulivyokuwa.

Usuli

Mwandishi ni mama wa miaka sitini na kitu, mstaafu wa utumishi wa umma, mzaliwa wa mji mmoja wa reli kaskazini mashariki mwa Tanzania. Amesoma riwaya tangu ujana wake, lakini hakuwa amechapisha kitabu. Alikuwa na kisa kimoja ambacho wanawe na wajukuu wake walikijua kwa moyo, cha mwaka 1983.

Kwa wasioukumbuka mwaka huo: Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vilikuwa vimeiacha nchi hoi, na bidhaa za kawaida, sukari, sabuni, mafuta ya kula, nguo, zilipatikana kwa foleni na kwa kibali. Februari 1983 Edward Sokoine alirudi kwenye uwaziri mkuu, na mwezi uliofuata msako wa walanguzi na wahujumu uchumi ukaanza. Sheria iliyotungwa mwaka huo iliunda mahakama maalumu na kuwafungia watuhumiwa mlango wa dhamana. Watu waliokuwa na mali ndani, hata wale ambao mali yenyewe ilikuwa magunia mawili tu, waliingiwa na hofu. Wako waliochoma, wako waliofukia, wako waliomwaga usiku.

Katika kisa cha Mwandishi, mume na mke wana magunia mawili ya sukari chini ya kitanda. Mume ni karani wa duka la ushirika. Balozi wa nyumba kumi wa mtaa wao, yaani kiongozi wa chama wa nyumba hizo, ni mjomba wa mke. Usiku mmoja wanaimwaga sukari yote kisimani. Asubuhi mtaa mzima unajua, kwa sababu maji ni matamu.

Anayesikia haya kwa mara ya kwanza hucheka, kisha huuliza: ikawaje? Mwenye kisa cha namna hiyo ana bahati. Na bado mswada wa kwanza ulikuwa unachosha.

Mswada wa kwanza

Ulikuwa na sura 31 na kurasa zaidi ya mia nne. Kisima kilitokea katika sura ya 22, na kumwaga sukari kukachukua aya moja. Kabla ya hapo Mwanaidi (ndilo jina nililompa mhusika mkuu) anazaliwa, anatahiniwa, anapendwa, anaolewa, na vita vinapiganwa. Ukurasa wa kwanza una jua linalochomoza na jogoo anayewika. Kila sura ina methali kama kichwa chake, na aya ya mwisho ya kila sura inaieleza methali hiyo.

Hivi ndivyo usiku wa kisimani ulivyoandikwa:

*Mwanaidi alikuwa na huzuni kubwa sana moyoni mwake kwa sababu alijua kwamba kitendo alichokuwa anakwenda kukifanya pamoja na mume wake kilikuwa ni matokeo ya tamaa. Kwa hakika tamaa ni jambo baya linalorudisha nyuma maendeleo ya jamii. Ndiyo maana wahenga walisema, tamaa mbele, mauti nyuma. Waliimwaga sukari yote kisimani na kurudi nyumbani wakiwa na majuto.*

Hakuna kosa la sarufi hapo. Kasoro iko kwenye sauti: nani anasema haya? Si Mwanaidi, maana hakuna mtu anayebeba gunia gizani akiwaza maendeleo ya jamii. Si mpiga soga wa mtaani. Ni sauti ya karatasi ya mtihani. Sisi tuliosomea fasihi katika shule za sekondari za huku tumefundishwa kuikata riwaya vipande viwili, fani na maudhui, kisha maudhui tukayakata tena: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa. Kwa msomaji ni zana nzuri, sina ugomvi nayo. Mwandishi aliigeuza kuwa mbegu. Katika daftari lake la maandalizi, ambalo alinionyesha bila kinyongo, ukurasa wa kwanza umeandikwa: "Dhamira kuu, madhara ya ulanguzi. Dhamira ndogo ndogo: nafasi ya mwanamke, uongozi mbaya, uaminifu katika ndoa." Chini yake kila dhamira imepewa mhusika wa kuibeba. Balozi akapewa uongozi mbaya, mume akapewa tamaa, Mwanaidi akapewa majuto. Watu hao walipangiwa kazi kabla hawajapewa tabia, na kwa kurasa mia nne hawakufanya chochote nje ya kazi waliyopangiwa.

Kasoro nyingine zilitokana na hiyo. Kwa kuwa dhamira ilidai mkosaji akamatwe, mume alikamatwa kwa sadfa tupu: mlevi mmoja kilabuni alisikia maneno, na mlevi huyo kumbe ni askari kanzu. Kesho yake kaka mtu akamtoa kwa dhamana, jambo ambalo mwaka ule halikuwezekana kwa kesi ya aina hiyo, na lililoua taharuki yote, maana hofu ya mwaka 1983 ilikuwa hasa ya kwamba ukiingia hutoki. Baadaye mwenyekiti wa mahakama anahutubia kwa kurasa mbili, na Mwanaidi anatubu. Na Aprili 1984, Sokoine anapofariki katika ajali ya gari mkoani Morogoro, familia inatazama mazishi kwenye televisheni sebuleni. Zanzibar ilikuwa na kituo chake cha televisheni tangu miaka ya sabini, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Msiba ule watu wa bara waliupokea kwa redio. Mwandishi mwenyewe aliupokea kwa redio, na ajabu ni kwamba alikumbuka hata mahali ilipowekwa redio hiyo, juu ya kabati la vyombo, lakini kumbukumbu hiyo haikuingia kwenye riwaya. Ingeingiaje? Haikuwa na dhamira.

Aliupeleka mswada kwenye shindano moja. Haukuingia hata kwenye orodha ya awali. Msomaji mmoja wa shindano alikuwa mwema kiasi cha kuandika sentensi mbili pembeni: lugha ni safi, hadithi inaanza kuelekea ukurasa wa mia tatu.

Barua ya Mhariri

Mhariri ni kijana wa miaka thelathini na kidogo. Kwa umri angeweza kuwa mwanawe, na hivyo ndivyo walivyochukuliana tangu siku ya kwanza: yeye anaamkia shikamoo, mama anaitika marahaba na kumwita mwanangu. Nalitaja kwa sababu lilikuwa na uzito katika kisa hiki. Kijana hakuweza kumwambia mama wa watu usoni kwamba sura 21 za mwanzo hazina kazi. Akaandika barua ya kurasa nane, na barua haina uso wa kukwambia kwamba mwenzako hajakuelewa.

Ukiondoa heshima na pongezi, barua ilikuwa na maagizo matatu. Anza na usiku wa kisimani. Kaa na Mwanaidi peke yake, usiingie kichwani mwa mtu mwingine. Na ondoa kila mahali msimulizi anapoeleza: onyesha, usieleze.

Agizo la kwanza lilikuwa na busara, ingawa baadaye tutaona kwamba hata lenyewe halikuwa sahihi kabisa. La pili lilikuwa na sababu nzuri, kwamba mswada uliruka kutoka kichwa hadi kichwa, wakati mwingine ndani ya sentensi moja. La tatu ndilo lililoleta balaa. Mhariri alilitoa kwa sababu maelezo ya mswada wa kwanza yalikuwa mabaya, na akadhani kwa hiyo kueleza ndiko kubaya. Hakusema kitakachobaki maelezo yakishaondoka.

Mswada wa pili

Mwandishi alitii neno kwa neno. Baada ya miezi minne alileta kurasa chini ya mia mbili. Usiku uleule sasa ulisomeka hivi:

*Moyo ulimdunda. Alitazama kulia. Alitazama kushoto. Jasho lilimtiririka.*
*"Tufanye haraka," alisema.*
*"Lakini mume wangu, kama unavyojua, wewe ni karani wa duka la ushirika na mjomba wangu ni balozi wa nyumba kumi."*
*"Najua." Alimtazama. Alitetemeka. Machozi yalimlengalenga.*

Tazama kilichotokea. Maelezo hayakuondoka, yalihamia vinywani mwa wahusika. Mke anamwambia mumewe kazi ya mumewe, na mume, kwa uungwana, anakiri kwamba anaijua. Hisia nazo, kwa kuwa ilikatazwa kuzitaja, zikageuka kuwa viungo vya mwili. Mioyo inadunda, magoti yanagonga, koo zinakauka. Mhariri alijaribu kutafuta neno "machozi" kwenye kompyuta akaacha kabla hajafika mwisho.

Kisha liko tatizo ambalo ushauri wa warsha hauligusi kwa sababu haukutungwa kwa lugha yetu. Alimtazama: nani alimtazama nani? Alitetemeka: mke au mume? Kiambishi *a-* hakibagui mwanamke na mwanamume, na ukiwaweka watu wawili gizani ukawanyima majina na ukamnyima msomaji msimulizi wa kumshika mkono, baada ya sentensi nne hajui tena ni moyo wa nani unaodunda. Msimulizi wa Kiswahili hulitatua hili bila kufikiri. Husema bi mkubwa, husema yule bwana, husema mjomba mtu, husema huyu akajibu na mwenzie akanyamaza. Yote hayo ni kueleza, na Mwandishi aliyafuta yote.

Muda nao ulikwama. Katika kisa zinapita wiki tatu za mashaka kati ya usiku wa kisimani na kukamatwa kwa mume. Msimulizi aliye huru angesema "wiki tatu tulikunywa na kunyamaza" akasonga mbele. Aliyekatazwa kueleza akalazimika kuonyesha, na mswada wa pili una matukio kumi na moja ya wanawake wakichota maji, yote yakifanana.

Wasomaji wawili wa majaribio walipewa. Mmoja aliacha katika sura ya tatu. Wa pili alimaliza, akauliza kama ni mchezo wa redio.

Mhariri alipeleka taarifa hiyo kwa adabu. Jibu la Mwandishi lilikuwa ujumbe wa simu: "Mwanangu, nimefanya ulivyoniambia. Sasa hadithi si yangu." Halafu kimya, karibu nusu mwaka.

Barazani

Mhariri alimfuata nyumbani. Aliuacha mswada, akaenda na kilo mbili za machungwa tu. Baada ya salamu na chai alimwomba amsimulie kisa cha kisima kama anavyowasimulia wajukuu, na akaomba ruhusa ya kurekodi. Mama alisimulia huku akichambua mchicha.

Rekodi hiyo nimeisikiliza. Kuanzia mwanzo hadi mwisho Mwandishi anaeleza. Anahukumu: fulani alikuwa mchoyo, fulani mwongo lakini mwongo wa kheri. Anaruka mbele miaka kumi kutuambia aliyekufa, anarudi. Anakatiza mahali pa hatari kusifia pishi la mtu. Kila kitu alichokatazwa kipo, na huwezi kuizima. Kitu kimoja tu hakipo: jamii, maendeleo na wahenga. Anayeeleza ana jina, ana mtaa, ana watu anaowapenda na anaowachukia, na msikilizaji anamsikiliza huku akimpima.

Tena hakuanzia usiku. Alianzia asubuhi, kwa mwanamke wa kwanza kuonja maji.

Maamuzi ya mswada wa tatu, na sababu zake

Uamuzi mkubwa ulikuwa wa msimulizi. Walijadili njia tatu. Mwanaidi asimulie mwenyewe: wakaikataa, kwa kuwa anayajua yote tangu mwanzo na angelazimika ama kumficha msomaji au kujitetea kurasa zote. Msimulizi maizi, yule anayeona nyoyo za wote: Mwandishi mwenyewe ndiye aliyeikataa, akasema akipewa mamlaka hayo atahubiri tena, anajijua. Ikabaki ya tatu, jirani, bibi mzee leo, binti wa miaka kumi na mitano wakati ule, anayesema "mimi" mara chache na "sisi" mara nyingi, sisi tuliochota maji kile kisima.

Uamuzi huo una gharama, na Mhariri aliiona mara moja. Jirani hakuwepo kisimani usiku ule. Tukio ambalo barua ya kurasa nane ilitaka liwe ukurasa wa kwanza sasa haliwezi kuonekana kabisa. Mwandishi alimjibu kwamba usiku ule hakuna aliyeuona, ndiyo sababu umezungumzwa miaka yote hiyo. Katika mswada wa tatu kumwagwa kwa sukari kunasimuliwa mara tatu na watu watatu wasiokuwepo, na kila mmoja anampa lawama mtu mwingine. Kwangu mimi ndiyo sura bora ya kitabu.

Huu ndio mwanzo mpya:

*Maji yalikuwa matamu. Wa kwanza kujua ni Bi Zena, kwa sababu Bi Zena hachoti maji bila kuyaonja, tabia aliyokuja nayo kutoka kwao Pangani, ambako kisima huweza kulala baridi kikaamka chumvi. Akaonja, akatema. Akaonja tena, hakutema. Hakutuambia neno. Alijaza ndoo akaenda zake, na kabla foleni haijasogea tukamwona anarudi na ndoo mbili na watoto wake wote. Bi Zena alikuwa mchoyo, Mungu amrehemu, lakini uchoyo wake ndio uliotuambia.*

Hapa msimulizi anaeleza katika kila sentensi. Anatuambia waziwazi kwamba Bi Zena ni mchoyo. Lakini anatuambia baada ya kutuonyesha ndoo mbili na watoto, na anatuambia kwa sauti ya mtu aliyekuwa na ndoo yake mwenyewe kwenye foleni ile. Angalia pia mwendo wa vitenzi: *akaonja, akatema, akaonja*, ile *-ka-* inayosukuma jambo juu ya jambo, ambayo mswada wa pili uliiacha ukajaa *ali-, ali-, ali-* kama taarifa ya polisi.

Uamuzi wa pili ulitokana na shaka ya Mhariri: hivi kisima kweli kinaweza kuwa kitamu? Wakapiga hesabu. Kisima chenye kipenyo cha mita moja na robo na maji ya kina cha mita nne kina lita karibu 5,000. Magunia mawili ya kilo 50 ni kilo 100. Hiyo ni gramu 20 kwa lita, yaani gramu 400 katika ndoo ya lita 20. Mhariri alikoroga kiasi hicho kwenye ndoo nyumbani kwake akaonja. Ni utamu wa chai ya mtu bahili, lakini ni utamu.

Hesabu hiyo ilizaa zaidi ya walichoitafutia. Maji yenye sukari nyingi ni mazito, hutulia chini. Basi anayeachia kamba ndefu huchota matamu zaidi, na wanawake wa mtaa wanaanza kugombea kamba ndefu bila yeyote kutamka sababu. Na maji yenye sukari hayakai. Baada ya siku chache huanza kuchachuka, hutoa harufu. Hapo ndipo Mwandishi aliponyoosha kidole na kusema, bwana afya. Kisima kikinuka, bwana afya ataitwa. Mlevi wa kilabuni akafutwa, askari kanzu akafutwa, na siri ikafichuka kwa sababu ya sukari yenyewe. Sadfa ya kuwaingiza watu taabani msomaji huivumilia. Ile ya mlevi ilikuwa sadfa ya kumaliza shida ya mtunzi, na kwa kuwa sasa jambo linatokana na jambo, hata taharuki ilirudi bila kutafutwa: kuanzia siku maji yanapoanza kubadilika ladha, msomaji anahesabu siku.

Methali zilipunguzwa kwa njia ambayo sikuwahi kuiona. Mhariri alitaka ziondoke zote. Mwandishi alizihamishia kwa balozi, mjomba mtu, ambaye hutumia methali kila anapoulizwa swali asilotaka kulijibu. Balozi aliyekuwa amepangiwa "uongozi mbaya" akageuka mzee aliyebanwa kati ya chama na damu. Anakwenda kwa mpwa wake siku ya nne, anakaribishwa chai:

*"Chai yako tamu, mwanangu."*
*"Sijatia sukari, mjomba."*
*"Najua," akasema balozi. "Sukari haipatikani siku hizi." Akasukuma kikombe aongezewe.*

Linganisha na "kama unavyojua, wewe ni karani". Hapa wote wawili wanajua, na mazungumzo yanakwenda pembeni ya kile wanachokijua. Hakuna alama ya moyo wala jasho. Na kwa kuwa mmoja ni mjomba na mwingine ni mwana, msomaji hapotei hata *a-* ikirudiwa mara ngapi.

Televisheni iliondoka. Redio ya juu ya kabati la vyombo iliingia. Dhamana iliondoka pia, na mume anapochukuliwa hatumwoni tena kwa sura tano.

Matokeo

Mswada wa tatu una kurasa 230. Mchapishaji wa kwanza aliukataa: alitaka kitabu kitakachoweza kupendekezwa kwa shule, na akaomba mkosaji aadhibiwe waziwazi na funzo lionekane. Mwandishi, ambaye miaka miwili kabla angefurahi kupewa agizo hilo, alikataa. Mchapishaji mdogo ameuchukua na kazi ya uhariri wa mwisho inaendelea.

Uchambuzi

Wengi watakaosoma kisa hiki watahitimisha kwamba Mhariri alikosea na simulizi ya barazani ikashinda. Si hivyo hasa. Bila barua ya kurasa nane sura 21 zingebaki, na bila mswada wa pili Mwandishi asingejua ni nini hasa alichokuwa amenyang'anywa. Wala kurekodi na kunakili si uandishi. Niliwahi kuona mswada mwingine uliofanywa hivyo, na ulisomeka kama kikao kisicho na mwenyekiti. Rekodi ya barazani ilikuwa na marudio, majina matatu ya mtu mmoja, na mambo mengi yaliyobebwa na mkono na jicho la msimulizi. Kazi ya kuyaweka hayo kwenye karatasi ilichukua mwaka.

Kosa la agizo la tatu lilikuwa la utambuzi. Mhariri aliona kueleza kwingi akadhani wingi ndio tatizo. Tatizo lilikuwa kwamba anayeeleza hakuwa mtu. Sauti isiyo na mwili ikisema "tamaa ni mbaya", msomaji hana la kufanya ila kukubali au kupiga miayo. Bi kizee wa mtaani akisema "Bi Zena alikuwa mchoyo", msomaji anapata vitu viwili kwa mpigo, Bi Zena na bi kizee, na anaweza kumbishia. Nadhani ndiyo sababu ushauri wa "onyesha, usieleze" hufanya kazi nusu nusu kwa waandishi wetu. Umetoka kwenye riwaya ambazo msimulizi amejifunza kujificha. Hadithi zetu nyingi tumezipokea kutoka kwa mtu aliyekaa mbele yetu, anayeuliza *paukwa* na kungoja tuitikie.

Umri na heshima vilichangia zaidi ya Mhariri anavyokubali. Mwandishi alitii agizo asilolikubali kwa sababu lilikuja kwa maandishi, na maandishi kwake ni ofisi. Laiti wangekaa barazani kwanza, nusu ya barua isingeandikwa. Mhariri anasema asingepata ujasiri wa kusema lolote. Labda.

Ambalo halikutatuliwa ni mume. Katika matoleo yote matatu mume wa Mwanaidi ni kivuli. Kwanza alibeba tamaa, kisha akabeba machozi, na sasa anabebwa na umbea wa majirani, ambao kwa bahati mbaya hauna la kumsema. Anachukuliwa, anarudi amekonda, anakaa kimya. Kimya hicho kingeweza kuwa kizito kama tungekuwa tumemsikia akiongea mbele. Hatujamsikia. Sehemu ya katikati nayo inazama kidogo kwa sababu hiyohiyo: balozi na Bi Zena wanavuta hadithi kwao kila wanapotokea, na mtu ambaye maisha yake ndiyo yaliyo hatarini hana hata mzaha mmoja wa kukumbukwa.

Mhariri ameomba sura moja zaidi, ya dukani, kabla ya msako, jirani akiwa kwenye foleni na karani akiwa nyuma ya kaunta na mizani yake, akitania wateja au akiwadhulumu, vyovyote. Mwandishi amekataa. Anasema aliyemchukua kama mfano hakuwa mtu wa maneno, hata kabla ya 1983. Katika hili niko na Mhariri: mtu asiye na maneno bado ana namna ya kupima sukari, na jirani wa miaka kumi na mitano aliyesimama kwenye foleni ile angeiona. Mara ya mwisho nilipozungumza nao, sura hiyo ilikuwa haijaandikwa.